Tutunze Kumbukumbu za Kikundi: Nakala ya Kompyuta Inapokwama

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Machakos)



 Najua wengine mmetoka mbali, Masii, Wamunyu, hata Katangi, na mmeacha kazi za shamba. Kwa hiyo nitajaribu kusema mambo ambayo mtu anaweza kurudi nayo nyumbani akayafanya jioni hii hii.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Vikundi vyetu vimelishika neno hilo vizuri. Hata chama kidogo kabisa cha akina mama kumi na watano kina daftari la hisa, daftari la mikopo na kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Sasa vikundi vingi vimehamisha madaftari hayo ndani ya kompyuta. Ni jambo zuri. Hesabu inajumlishwa bila makosa na karatasi haziliwi na mchwa. Lakini kompyuta nayo ina mchwa wake. Ndiyo sababu tunafundishwa kuweka nakala ya akiba, yaani kunakili kumbukumbu zote mahali pengine, ili moja ikiharibika nyingine ibaki.

Leo nataka tuzungumze juu ya nakala hiyo inapokwama bila mtu kujua. Tutafuata njia ile tuliyoizoea katika Jumuiya Ndogo Ndogo: kuona, kuamua, kutenda.

KUONA: Mambo yalivyo

Kuna muungano mmoja wa vikundi ambao sitautaja jina. Kompyuta yao, ile ndogo ya kupakata, inakaa nyumbani kwa katibu kwa sababu huko kuna stima na mlango unafungwa vizuri. Vijana wa muungano walifanya kazi nzuri. Walinunua kisanduku chenye diski kubwa ndani yake, wakakiunganisha kwa waya na ruta, ile mashine inayotoa waifai. Wakapanga kwamba kila usiku kompyuta itume nakala ya kumbukumbu zote kwenda kwenye kisanduku, ikipitia hewani. Hakuna mtu wa kukumbushwa na hakuna flashi ya kuchomeka. Watu walifurahi, na baada ya hapo hakuna aliyekitazama kisanduku tena.

Siku moja stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na kompyuta haikuwaka tena. Wakasema, si kitu, tuna nakala. Walipofungua kisanduku wakakuta nakala ya mwisho ni ya miezi minne iliyopita.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja mzee alikuja kuomba hisa zake, kwa sababu mume wake alikuwa amelazwa hospitalini. Mweka hazina alitaja kiasi kimoja, na mama akataja kingine kilichozidi. Kila mmoja alikuwa anasema kile anachokumbuka. Hakuna aliyekuwa mwongo, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha. Kamati ikakaa majuma kadhaa ikikusanya stakabadhi na ujumbe wa M-Pesa kutoka simu moja hadi nyingine, ili kujenga upya hesabu ya miezi minne. Hesabu ilipatikana karibu yote, na yule mama alipewa haki yake, lakini alikuwa ameshauza mbuzi wawili kwa bei ya shida. Pia wanachama wawili walitoka katika kikundi wakisema, “Hawa wanatuchezea.”

Ndugu zangu, hakuna shilingi iliyoibiwa pale. Kilichopotea ni uaminifu, na uaminifu haununuliwi dukani.

Sasa, ni nini kilichotokea? Miezi minne nyuma stima ilikuwa imepotea usiku. Iliporudi, ruta ilikipa kisanduku namba nyingine. Kila kifaa kilicho katika waifai kinapewa namba na ruta, kama vile watu wanavyopewa namba katika foleni ya zahanati. Foleni ikianza upya, namba zinaweza kubadilika. Kompyuta ikaendelea kubisha hodi kwenye namba ya zamani, na hapo hapakuwa na mtu. Kila usiku ilitoa ujumbe mdogo pembeni ya kioo kwamba nakala imeshindikana. Katibu aliuona, akadhani ni matangazo, akaufunga.

Hayo yanaweza kumpata yeyote kati yetu. Mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima? Iliporudi, ruta nyingi sana ziligawa namba upya. Ni nani aliyekwenda kuangalia kama nakala zake bado zinafika?

KUAMUA: Tunasemaje juu ya jambo hili?

Kwanza, Maandiko yanatufundisha. Katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32, tunasoma kwamba Yeremia alinunua shamba huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Wakati huo mji wa Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli, mambo yote yakiwa yameharibika. Angalieni alivyofanya. Aliandika hati mbele ya mashahidi, na zilikuwa nakala mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Kisha akamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Nabii hakusema, Mungu atajua shamba ni langu. Alimtumaini Mungu, na hati akaihifadhi vilevile.

Tuone na hekima yake. Nakala iliyotiwa muhuri haiwezi kubadilishwa na mtu, na ile iliyo wazi inaweza kusomwa na kila mtu. Sisi pia tunazihitaji zote mbili: nakala inayolindwa, na nakala tunayoifungua kuangalia.

Pili, ni jambo la haki. Mtajiri akipoteza karatasi ana wakili. Mama anayeweka shilingi mia kila wiki hana shahidi mwingine isipokuwa mstari ule mmoja wenye jina lake. Mstari ukipotea, sauti yake imepotea. Tena tuseme ukweli: maneno “kompyuta imeharibika” yanaweza kuwa shimo la kuzikia pesa za watu. Kiongozi mwaminifu atataka shimo hilo lifukiwe mapema, ili asije akashukiwa bure, na asiye mwaminifu asipate pa kujificha.

Tatu, sheria ya nchi inatudai. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kikundi kikishika majina ya watu, namba za vitambulisho, namba za simu na hesabu za mikopo yao, kimeshika siri za watu, na kinapaswa kuzilinda zisipotee wala zisianguke mikononi mwa wasiohusika.

Basi neno langu kubwa leo ni hili: nakala ambayo hakuna mtu aliyeifungua tusiihesabu kuwa nakala. Sisi watu wa Ukambani tunalielewa jambo hili kuliko wengine. Huko Kola watu wa Utooni, waliojiunga pamoja mwaka 1978, walijulikana mbali kwa kujenga mabwawa ya mchanga. Ukilitazama bwawa la mchanga wakati wa kiangazi huoni maji, unaona mchanga tu. Maji yako chini. Lakini hakuna mama anayeondoka na mtungi akisema maji yako bila shaka. Anachimba kwa mkono mpaka ayaone. Nakala ya kompyuta nayo iko chini ya mchanga. Tuchimbe tuone kama maji yapo.

KUTENDA: Hatua kwa hatua

Haya sasa, mmepata habari kwamba nakala imekwama. Mfanye nini? Tafadhali mfuate mpango huu kama ulivyo. Shikeni kanuni moja: badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha mjaribu, na mkiandike katika daftari. Kijana akibadilisha vitu vitano kwa pamoja, hata ikipona hatajua dawa ilikuwa ipi.

1. Okoeni kwanza, tengenezeni baadaye. Kabla ya kugusa kitu chochote, chomekeni flashi, mnakili folda ya kikundi kwa mkono. Ni kazi ya dakika chache. Mkishafanya hivyo hamna haraka tena, na kazi inayobaki mtaifanya kwa utulivu.

2. Someni ujumbe. Msiufunge. Andikeni maneno yake yalivyo, pamoja na tarehe ya nakala ya mwisho iliyofaulu. Tarehe hiyo ni shahidi mkubwa. Jiulizeni: siku hiyo kulitokea nini? Stima ilipotea? Ruta ilibadilishwa? Mtu alibadilisha neno la siri la waifai? Kompyuta ilijisahihisha yenyewe usiku? Mara nyingi jibu liko hapo.

3. Angalieni kisanduku chenyewe. Taa zinawaka? Vipo visanduku ambavyo, stima ikirudi, haviwaki vyenyewe mpaka mtu abonyeze kitufe. Waya unaokiunganisha na ruta umekaza? Panya na watoto wana kazi zao. Kama kimewaka lakini hakijibu, kizimeni kwa kitufe chake, siyo kwa kung'oa waya, ngojeni dakika moja, mkiwashe tena.

4. Hakikisheni kompyuta iko katika waifai ile ile ya kisanduku. Siku hizi kompyuta inaweza kushika waifai ya simu ya mtu, au ile ya jirani, au ile ya wageni ambayo ruta nyingine huitenga na vifaa vya nyumbani. Hapa niondoe kosa moja linalosikika sana. Watu husema, “Nakala haikwenda kwa sababu bando zimeisha.” Hapana. Njia kati ya kompyuta na kisanduku ni ya ndani ya nyumba, haitumii bando hata kidogo. Intaneti inaweza kuwa haipo na nakala ikaenda vizuri. Vilevile intaneti inaweza kuwapo na nakala ikakwama. Ni njia mbili tofauti.

5. Jaribuni kukifungua kisanduku kwa mkono. Fungueni dirisha la mafaili, na katika mstari wa juu mwandike alama mbili za mkwaju ulioinama nyuma, kisha namba ya kisanduku, kwa mfano \\192.168.1.20. Folda zikionekana, njia ni nzima na shida iko katika programu ya kunakili. Zisipoonekana, njia imekatika au namba imebadilika. Mtu anayejua ataifungua orodha ya vifaa iliyo ndani ya ruta na kuiona namba ya sasa. Baada ya hapo aiagize ruta ikipe kisanduku namba ile ile siku zote. Hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa uliolipata muungano ule niliowaeleza.

6. Neno la siri. Kisanduku kina jina na neno la siri lake, tofauti na lile la waifai. Likibadilishwa, kompyuta inaendelea kutumia la zamani na inakataliwa mlangoni. Liandikeni upya katika programu ya kunakili. Pia kompyuta huuliza kama waifai mliyomo ni ya nyumbani au ya mahali pa watu wote. Mkijibu ni ya watu wote, inajificha, na huenda isikione kisanduku kabisa.

7. Nafasi. Diski ikijaa hakuna kinachoingia. Zile video za harusi na mazishi ambazo vijana wameweka humo ndizo zinazokula nafasi. Kisanduku cha kikundi kiwe cha kikundi.

8. Mawimbi. Ukuta wa mawe, mabati na kabati la chuma huzuia waifai. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili. Yale ya 2.4 huenda mbali lakini kwa pole, na yale ya 5 yana kasi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Njia rahisi ya kujua ukweli ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya, kisha kuagiza nakala. Ikienda kwa waya na kukwama hewani, shida ni mawimbi, na ruta isogezwe au kompyuta iletwe karibu. Ikikwama hata kwa waya, msiilaumu waifai, rudini hatua ya 5 hadi 7. Na ile nakala ya kwanza kabisa, ambayo ni kubwa, ni vizuri ipelekwe kwa waya. Zinazofuata ni ndogo, hubeba yaliyobadilika tu.

9. Usingizi. Kompyuta ya kupakata ikifunikwa hulala. Ukipanga nakala iende saa nane usiku, na katibu amefunika kompyuta saa nne, nakala itatoka wapi? Pangeni saa ambayo mtu yupo, kama saa mbili jioni, kompyuta ikiwa wazi na imechomekwa kwenye stima. Na mfunge faili la hesabu mkimaliza kuandika, kwa maana programu nyingine huliruka faili lililo wazi, na hilo ndilo mlilolitaka zaidi.

10. Kisanduku cha zamani na kompyuta mpya. Hili ni la vijana. Kuna lugha ya zamani ambayo kompyuta na visanduku vilitumia kuzungumza, inaitwa SMB1. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, Windows mpya haiji nayo ikiwa imewashwa. Kwa hiyo kisanduku kikuukuu kinaweza kutoweka siku kompyuta inapobadilishwa. Fundi mwingine atawaambia, “Tuiwashe tu.” Mkatae. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa lugha hiyo hiyo, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Dawa ni kukipa kisanduku programu yake mpya, au kukipumzisha kikiwa kimezeeka. Na wale wanaotumia Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilimaliza kuitolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

11. Chimbeni mwone maji. Mkishatengeneza, agizeni nakala mbele ya macho yenu mpaka iishe. Halafu, na hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, chukueni faili moja kutoka katika nakala, mliweke mahali pengine katika kompyuta, mlifungue. Tafuteni jina la mwanachama mmoja. Je, mchango wake wa wiki iliyopita upo? Ukiwapo, semeni asante kwa Mungu. Usipokuwapo, kazi haijaisha.

Kisanduku kimoja hakitoshi

Hata kisanduku kikifanya kazi vizuri, kiko katika nyumba ile ile ya kompyuta. Mwizi akiingia atabeba vyote viwili. Radi ikipiga, itapita kwenye waya ule ule. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 maji yaliingia nyumba nyingi katika nchi yetu, na maji hayachagui. Tena virusi vya kufunga mafaili vikiingia kompyuta, vinaweza kupita hewani mpaka kwenye kisanduku kilichounganishwa nayo.

Watu wa kazi hii wana kanuni ambayo ilienezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: tatu, mbili, moja. Nakala tatu za kumbukumbu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyumba. Kwetu sisi inaweza kuwa hivi: ya kwanza ndani ya kompyuta, ya pili katika kisanduku, ya tatu katika flashi inayokaa kijiji kingine, kwa mwanachama anayeaminika au ofisi ya parokia kama Padre amekubali. Flashi ziwe mbili za kubadilishana. Moja ikija mkutanoni, nyingine inarudi mahali pake. Na ifungwe kwa neno la siri, kwa sababu ina vitambulisho vya watu. Isichomekwe katika kompyuta za saiba, ambako inaweza kuokota virusi.

Sasa naona mama mmoja pale ananitazama kana kwamba anasema, “Sisi hatuna kisanduku wala ruta, haya yanatuhusu nini?” Yanawahusu sana, mama. Hesabu za kikundi cha watu thelathini, hata za miaka kumi, ni maandishi tu, na maandishi hayachukui nafasi kubwa. Flashi ndogo kabisa ya dukani inazibeba na kubaki na nafasi. Kwa hiyo msikope pesa kununua kisanduku. Flashi mbili, pamoja na karatasi iliyochapwa kila mwisho wa mwezi na kutiwa sahihi na viongozi watatu, zinawatosha. Na daftari la mkono msilitupe. Kompyuta ikizima katikati ya mkutano, kalamu haizimi.

Kazi ya kikundi, siyo ya mtu mmoja

Babu na nyanya zetu walilima matuta ya milima hii kwa mwethya. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Walijua kwamba tuta moja la juu likipasuka, maji yatabomoa yote ya chini, hata ya mtu aliyelima vizuri. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa walitembea kutazama. Hawakumwachia mwenye shamba peke yake.

Kumbukumbu zetu zitunzwe vivyo hivyo. Napendekeza kila kikundi kichague mlinzi wa nakala, ambaye siye mweka hazina na siye katibu. Siyo kwa sababu hatuwaamini. Ni kwa sababu macho manne huona kuliko mawili. Anaweza kuwa kijana, hata binti aliyemaliza kidato cha nne juzi. Katika kila mkutano wa mwezi, kabla ya hesabu kusomwa, mwenyekiti amwulize maswali matatu:

Nakala ya mwisho iliyofaulu ni ya tarehe gani?
Umefungua faili gani kutoka katika nakala, na ukaona nini?
Nakala ya nje iko kwa nani leo?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Ni dakika tatu tu. Akisema, “Sijaangalia,” asikemewe. Apewe siku tatu aangalie, alete jibu. Mtu akiogopa kukemewa atajifunza kusema uongo, na hapo tumerudi kule kule.

Kuna siku moja katika mwaka ambayo dunia nzima hukumbushana jambo hili, tarehe 31 Machi. Kwetu inaangukia wakati mvua za masika zinaanza, na radi nazo. Naomba siku hiyo tuifanye kuwa siku ya kila kikundi kurudisha hesabu yote kutoka katika nakala, kana kwamba kompyuta imekufa kweli, na kuona kama tunaweza kuendelea na mkutano.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kompyuta au daftari letu likiungua usiku huu, kesho tutaweza kumwambia kila mwanachama hisa zake? Tutatumia nini?
2. Ni nani kati yetu anayejua neno la siri la kompyuta ya kikundi? Akisafiri au akiugua, je?
3. Nakala zetu zote ziko katika nyumba ngapi?
4. Mwanachama asiyejua kusoma anaweza kuhakikishiwaje kwamba mstari wake upo na ni sahihi?
5. Nani atakuwa mlinzi wetu wa nakala, na ataanza lini?

Ndugu zangu, swali la nne naomba mlikalie zaidi, maana wale walio wadogo ndio Bwana atakaotuuliza habari zao. Mkifika nyumbani leo, kabla ya chakula cha jioni, tafuteni tarehe ya nakala yenu ya mwisho, mfungue faili moja. Mkiikosa, mna flashi, na usiku bado ni mrefu.